Alinitolea Malkia Akanishinda, Nami Nikamchongea

Mimi ni mchongezi. Naanza na neno hilo kabla sijapata nafasi ya kulizunguka, maana nimelizunguka mwaka mzima na nusu na sasa nimechoka.

Bwana mhariri, naomba jina langu usilitie gazetini. Wanangu wako shule, na watoto wenzao wana midomo. Hata majina ya watu humu nimeyabadili. Lakini wale ninaowasema watanijua, na hao ndio ninaotaka wanijue.

Ndugu msomaji, sogea nikwambie. Nimemponza mtu aliyenipenda kama ndugu wa tumbo moja. Na unajua kwa nini? Kwa sababu alinishinda mchezo! Mchezo wa ubao! Jamani, aibu gani hii!

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Wakati wa ile vita kubwa ya Wazungu nilikuwa kijana, nikapata kazi ya kuosha masufuria katika kambi ya wakimbizi wa Kipolandi huko kwetu. Walikuwa wanawake, watoto na wazee, watu waliofukuzwa makwao. Mzee mmoja mwenye kikohozi ndiye aliyenifundisha chesi. Hatukuwa na lugha moja. Alinifundisha kwa vidole, na nikikosea ananipiga kofi dogo la mkono. Vita ilipokwisha wakaondoka, mimi nikabaki na elimu ile.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ni ubao wa nyumba sitini na nne. Kila mchezaji ana jeshi lake, kuna mfalme, malkia, farasi, ngome, na askari wadogo wa mbele. Ukimbana mfalme wa mwenzio akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Mwenye nguvu kuliko wote ni malkia. Huyo huenda mbele, nyuma, pembeni, popote. Mtu akimpoteza malkia wake ni kama amekatwa mkono wa kulia. Mimi niliamini hivyo.

Nikasoma, nikapata ukarani katika ofisi moja ya serikali pale Mbeya. Nikiwa na koti langu na kalamu mfukoni, nilijiona mtu! Jioni tulikutana kwenye mkahawa wa Mzee Sefu. Babu zake Mzee Sefu walitoka pwani, na yeye mchezo huu aliuita sataranji. Aliujua kidogo, lakini alipenda zaidi kutazama na kuwachochea watu. Miaka mitatu hakuna aliyenishinda pale. Watu wakija kunywa chai wanaonyeshwa, "Yule karani ndiye bingwa." Kusema kweli tuliojua kucheza hatukuzidi watano. Lakini mimi sikuhesabu hilo. Nilihesabu kwamba ni bingwa.

Sasa sikiliza habari za Asajile.

Alikuwa fundi seremala katika karakana ya idara yetu hiyo hiyo. Mnyakyusa wa upande wa Rungwe, mrefu, mpole, akicheka anaweka kiganja mdomoni kama anaona haya kucheka. Siku moja alisimama nyuma yangu mkahawani akitazama, na mchezo ulipokwisha akasema, "Bwana karani, nifundishe na mimi."

Nikamfundisha. Aliniita Mwalimu tangu siku hiyo, na hakuacha mpaka mwisho.

Baada ya mwezi mmoja alikuja na kete alizochonga mwenyewe, nyekundu za mninga na nyeupe za mpodo. Farasi wale ungedhani watalia! Akatengeneza na sanduku la kuzitia. Hakuna fundi kama yule Mbeya nzima, na sisemi hivi kwa sababu amekufa.

Ndiyo, amekufa. Nitafika huko.

Tulizoeana. Mwaka mmoja nilishikwa na homa kali, mke wangu yuko kwao Iringa kujifungua. Asajile alinipakia kwenye baiskeli yake akanisukuma mpaka hospitali, mvua inanyesha, matope yanamfika magotini. Mkewe, mama Bupe, aliniletea maziwa mgando na ndizi siku kumi mfululizo. Kila siku! Mimi nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, na tulimaanisha.

Jumapili moja tumetoka kanisani, tuko uani kwake, mama Bupe yuko mtoni na nguo. Asajile akaniambia, "Mwalimu, nikuonyeshe kitu."

Akamwaga kete zote kwenye mkeka. Akaligeuza sanduku, akabonyeza pembeni kwa kidole gumba, na ubao wa chini ukateleza kama droo. Kumbe lina chini mbili! Humo ndani palikuwa na kadi ya chama.

Wakati ule chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeanza kuvuma mpaka huku kwetu milimani, na sisi watumishi wa serikali tulikatazwa kabisa kujiunga. Ukishikwa, kazi huna. 

"Gwe, wewe! Wataka kufukuzwa?" nikamwambia.

"Wakulima wanajiunga, wachuuzi wanajiunga, kwa nini mimi nijifanye sioni? Nchi ni yao peke yao?"

"Mama Bupe anajua?"

"Hajui. Ataogopa bure. Hajui hata kama hili sanduku linafunguka chini." Akairudisha kadi akacheka, kiganja mdomoni. "Nimekuonyesha wewe tu. Neno likikaa kwa mtu mmoja peke yake linamwozea tumboni."

Nikamwapia kwamba sitasema. Na sikuwa nadanganya siku ile! Nilijivuna kuaminiwa.

Basi ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi mchana, sikukuu, ofisi zimefungwa. Mzee Sefu alikuwa amezunguka wiki nzima akitangaza kwamba mwalimu na mwanafunzi watapambana. Mkahawa ulijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Makarani wenzangu walikuwapo, wahudumu wa hospitali, wauza nguo, mpaka mapolisi wawili waliokuwa mapumzikoni. Wengi hawakujua hata farasi anaendaje. Walikuja kuona nani atashindwa, kama watu wanavyokwenda kutazama ng'ombe wakipigana.

Mimi nilikuwa nimeshajisifu. Niliwaambia, "Nitamfunga kabla chai yangu haijapoa." Mdomo huu!

Tukacheza. Mwanzo nilimwendesha kama mtoto. Nikamla ngome moja, nikamla farasi mmoja. Mfalme wangu nilikuwa nimemficha pembeni kabisa, karibu na kona, askari wake mbele, ngome yangu ubavuni. Nikaona nimeshamaliza. Nikaagiza andazi.

Asajile aliinamia ubao muda mrefu. Nikamwambia kwa sauti, ili wote wasikie, "Fundi, hapa hapachongwi kwa randa!" Watu wakacheka. Yeye hakuinua macho.

Akasogeza farasi wake, akamtisha mfalme wangu, nikamsogeza konani kabisa. Sikuona kitu. Kisha Asajile akamshika malkia wake, akamleta mbio kutoka mbali, akamweka nyumba iliyogusana na mfalme wangu. Ubavuni pake kabisa!

Nikatazama. Mfalme wangu hakuweza kumla, kwa sababu farasi wa Asajile alikuwa anailinda nyumba ile. Lakini ngome yangu ilikuwa upande wa pili wa malkia, imegusana naye, na ngome ilimla bure. Bure kabisa! Hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Ndugu msomaji, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Nikamnyakua yule malkia, nikaiweka ngome yangu mahali pake, nikasimama juu ya kiti nikamwinua malkia hewani, watu wamwone.

"Tazameni!" nikapiga kelele. "Fundi kanipa mke wake!"

Mkahawa mzima ukalipuka. Watu wanapiga meza. Nikamtazama Asajile, nikamwona amekunja uso, lakini si kwa hasira. Ni kama ananionea huruma.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kaa kwanza utazame."

Akamwinua farasi wake akamrusha mpaka nyumba iliyo mbele ya pale ngome yangu ilipotoka. Basi.

Nilidhani ni utani. Nikatazama kulia kwa mfalme wangu, hapo ubao umekwisha. Mbele, askari wangu. Ubavuni, ngome yangu, ile ile niliyoisogeza kwa vicheko. Farasi anamtisha, na farasi huruka, huwezi kumzibia njia. Aliyeweza kumla ni ngome ile, nami nimeshaitoa mahali pake. Mfalme wangu alikuwa amezibwa na watu wake mwenyewe, hana hata pa kuvutia pumzi.

Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti na malkia mkononi.

Mzee Sefu aliinama juu ya ubao, akaguna, akapiga kiganja juu ya meza. "Mfalme kafia nyumbani kwake! Karani kashiba malkia, kafa!"

Lo! Kicheko kile! Nimesikia vicheko maishani mwangu, lakini kile sijapata kukisikia tena. Kilianza mezani, kikatoka mlangoni, kikaenda mpaka barabarani kwa watu wasiojua hata kilichotokea. Polisi mmoja alichekea ukutani akijishika mbavu. Asajile alininyooshea mkono, nami sikuupokea. Nikachukua koti langu nikatoka. Malkia wake nilikwenda naye mkononi bila kujua, nikamtupa kwenye mtaro wa maji njiani.

Na bado. Jumatatu nafika kazini, tarishi ananipokea, "Shikamoo, Mla-Malkia." Sokoni, "Mla-Malkia, viazi hivi hapa." Mafundi wa karakana, wafagiaji, wote! Hata mke wangu, jina lilimfuata bombani akienda kuteka maji, na yeye akarudi akicheka. Nilimfokea mpaka akalia.

Asajile hakulitumia jina hilo hata mara moja. Alikuja nyumbani siku ya tatu, akasema, "Mwalimu, watu watasahau. Nimechonga malkia mwingine, twende tukacheze mimi na wewe tu, uani." Nikamwambia nina kazi. Akaja tena. Nikamwambia nina homa. Kila nikimwona nilisikia kile kicheko. Nilianza kumchukia kwa upole wake. Nilijiambia kwamba anajifanya mpole ili anicheke vizuri.

Hivyo ndivyo chuki inavyofanya kazi, jamani! Haikuletei uovu wa mtu, hukuletea wema wake ikaugeuza.

Mwezi haujakwisha, Bwana Mkubwa wa ofisi akatuita sisi makarani. Akasema amepata amri. Mtumishi yeyote mwenye kadi ya chama ataondolewa, na anayejua jambo afanye wajibu wake. Wenzangu wote walitazama sakafu. Na mimi nilitazama sakafu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika.

Niliandika wakati wa chakula, wenzangu wametoka. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane. Nilijiona mwerevu! Nikaandika jina lake, kazi yake, na kwamba kadi yake utaikuta katika sanduku la mchezo, chini ya ubao wa pili, bonyeza pembeni. Nikaitia bahasha chini ya mlango wa Bwana Mkubwa, nikaenda kula. Nilikula ugali na maharagwe, nikala nikashiba. Nakuambia hili ili ujue nilivyokuwa. Sikutetemeka. Nilisikia raha, kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ya pili yake walikwenda nyumbani kwa Asajile saa sita mchana, askari wawili na msaidizi wa Bwana Mkubwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Akafukuzwa kazi. Akapewa juma moja kutoka katika nyumba ya serikali. Miaka tisa ya kazi, hana hata barua ya sifa!

Unadhani alikwenda kwa nani? Alikuja kwangu. Kwangu mimi! Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, Kiingereza changu ni kidogo. Niandikie barua ya kuomba wanisamehe. Nina mke na mtoto."

Nikamkaribisha. Nikaandika barua ile kwa mkono wangu wa kulia, kwa hati nzuri. Yeye alikaa mbele yangu akinitazama ninavyoandika. Nilipofika mwisho akaniuliza, polepole sana:

"Mwalimu, unadhani ni nani aliyesema?"

Sikuinua kichwa. "Watu wabaya ni wengi, Asajile. Wivu."

Akavaa kofia yake.  Kisha akasema, "Ndaga, Mwalimu." Ndiyo asante ya kwao. Akaichukua barua akaenda.

Barua haikukubaliwa.

Alipata kibarua Mufindi, kwenye kiwanda kimoja cha kupasua magogo. Fundi aliyechonga farasi wale, anakwenda kuviringisha magogo! Siku ya kuondoka nilikwenda kuwaaga, maana kutokwenda kungeonekana. Vyombo vyao vilikuwa juu ya lori, godoro, masufuria, sanduku la vifaa. Mama Bupe hakunitazama. Nilidhani ni huzuni. Asajile alininyooshea mkono, na safari hii niliupokea. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu.

"Njoo Mufindi siku moja," akasema. "Njoo tuzungumze."

"Nitakuja," nikasema.

Aliniandikia barua mbili. Ya kwanza ilisema, "Huku baridi imezidi ya Mbeya, ukungu mpaka saa nne. Bupe amepata shule. Njoo, Mwalimu." Ya pili ilikuwa fupi zaidi. "Lori la Jumapili hufika saa tano. Njoo." Sikuzijibu. Niliziweka chini ya karatasi za ofisi, na kila nikifungua droo mkono ulizikwepa kama zina miiba.

Na lile jina? Unadhani lilikoma? Halikukoma! Asajile ameondoka, na mimi bado naitwa Mla-Malkia. Mpaka leo naitwa hivyo.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, nimepita mkahawani kuchukua mkate. Mzee Sefu akanishika mkono akanivuta pembeni. Hakuwa na utani.

"Yule rafiki yako fundi," akasema, "dereva wa magogo amepita hapa asubuhi. Anasema gogo limeteleza kutoka juu ya lori, likamkuta chini. Alikaa siku mbili. Wamemzika juzi huko huko. Inna lillahi."

Niliketi pale pale, juu ya gunia la unga. Mzee Sefu alidhani ni mapenzi ya urafiki, akanipa maji ninywe, akanipepea kwa kofia yake. Nikanywa maji yake. Hata pale sikusema.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikapanda lori la abiria. Njia nzima kutoka Mbeya mpaka Mafinga nilijifunza maneno ya pole. Nilipanga niseme nini, nilie wapi. Kutoka Mafinga nilitembea kwa miguu mpaka kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, nyumba za mabanzi zimejipanga kando ya msitu. Nikaonyeshwa.

Mama Bupe alikuwa ameketi chini, amejifunga kaniki, na wanawake wawili wa Kibena waliokuwa jirani zake. Niliposema hodi walinipisha, wakatoka wakatuacha. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza maneno yangu.

"Shemeji, pole. Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Marehemu alikuwa ndugu yangu. Mimi sijui niseme..."

"Hujui useme nini, shemeji?"

Nikasogeza kigoda changu.

"Siku ile walipoingia," akasema, "nilikuwa napika. Nilidhani watapekua nyumba, nikakimbilia kumwondoa mtoto. Hawakupekua. Hawakufungua hata kabati. Yule bwana alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la mchezo, akabonyeza pembeni. Mimi mkewe, niliyelifuta vumbi kila siku, sikujua kama lina chini mbili."

Alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu anayehadithia habari za mahindi. Hakulia.

"Nikamwuliza jioni ile, baba Bupe, nani alijua? Akasema, mtu mmoja tu. Nikamwuliza ni nani. Hakutaka kuniambia. Nikajua kwa kutokuniambia kwake."

 Kumbe nilipojificha kwa mkono wa kushoto, ni kama nilikuwa nimeandika jina langu juu ya bahasha. Mimi karani! Mimi bingwa! Niliona kadi tu, nikainyakua, sikutazama nyuma ya kadi pana nini.

"Kwa nini hakunisema?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Alikuja kwangu, nikamwandikia barua. Alijua?"

"Alijua. Barua ile hakuitaka sana. Alikwenda ili akupe nafasi ya kusema." Akavuta kaniki mabegani. "Alirudi akaniambia, hajasema leo, atasema kesho. Tukahamia huku. Akaniambia, atakuja mwenyewe, yule ni mtu mzuri, ameona haya tu. Kila Jumapili lori likisimama pale njiani, anaacha chakula anainuka kutazama. Mwaka mzima, shemeji. Na zile siku mbili alizolala, hawezi kugeuka, aliniuliza kama lori la Jumapili limefika."

Jamani! Jamani! Nilianguka magotini pale chini. Nikaanza kusema, ni mimi, ni mimi, shemeji, nisamehe. Maneno yalitoka yamechanganyika, Kihehe, Kiswahili, sijui.

Akaningoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema neno ambalo nalibeba mpaka leo.

"Umechelewa hata sasa. Hii habari nimeisema mimi. Wewe ulikuja kunipa pole."

Hakunilaani. Ningefurahi kama angenilaani! Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Aliinuka, akanimiminia uji kwenye kikombe, akaniwekea mbele yangu. "Kunywa," akasema. "Lori la kurudi Mbeya linapita saa nane. Ukilikosa utalala njiani, na hapa huwezi kulala."

Nikanywa. Nilimeza uji ule kama nameza mawe. Kisha nikaonyeshwa kaburi, rundo la udongo mwekundu na msalaba wa mbao mbichi uliopigwa misumari vibaya. Fundi yule, msalaba wake umepinda! Nilitaka kuunyoosha, nikaona sina haki ya kuugusa.

Niliporudi Mbeya nilikwenda kwa Bwana Mkubwa nikamwambia barua ile niliandika mimi, kwa chuki. Akanitazama kana kwamba nimemletea uchafu mezani. "Uliyoyaandika yalikuwa kweli au uongo?" akauliza. Nikasema kweli. "Basi rudi kazini kwako." Hivyo tu.

Nilikwenda kwa padri nikaungama. Akanipa sala za kusali, nikazisali zote, nikarudia. Zilitoka mdomoni vizuri. Ndani hapakutoka kitu.

Nilikwenda mkahawani nikamwambia Mzee Sefu, mbele ya watu. Hapo ndipo kicheko kilipokoma Mbeya. Mzee Sefu aliuondoa ubao mezani, akaufungia. Sasa nikiingia pale chai naletewa, lakini mtu aliyeketi karibu nami hukumbuka ana safari. Mke wangu amekwenda kwao Iringa na watoto. Anasema atarudi. Sijui.

Najua wapo watakaosema, gogo hukulisukuma wewe. Nimejaribu kulala juu ya maneno hayo, hayalaliki. Angekuwa karakana Mbeya akichonga viti, gogo lile lingeangukia ardhi.

Nawaandikieni kwa sababu mama Bupe hajui kusoma, lakini Bupe sasa yuko darasa la tatu, na gazeti hili hufika Mafinga. Huenda atamsomea mama yake. Shemeji, safari hii nimesema mimi.

Na wewe msomaji, sikia. Aliyekushinda kwa haki hakukuibia kitu. Ukiona wema wa mwenzako umeanza kukuuma, usiulize yeye ana nini, jiulize wewe una nini. Siri ya mtu usiigeuze silaha hata ukiwa na hasira ya namna gani, maana hasira itapoa na silaha itakuwa imeshakwenda. Na kama umeshafanya, ondoka sasa hivi! Weka gazeti hili chini, vaa viatu, nenda ukaseme, kabla mwenzako hajawa wa kuhadithiwa na mjane wake.

Ukishindwa, shindwa. Mpe mwenzako mkono, ucheke na wanaocheka, uende nyumbani ukale. Ni jambo dogo, mtoto mdogo analiweza. Mimi sikuliweza, na mtu amekufa.